Nilimrudisha mtoto hospitali usiku bila ruhusa ya baba yake

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa kambo wa mtoto wa kiume wa miaka saba. Nimemlea tangu hajaanza shule na ananiita mama. Ninaye na wangu mdogo niliyezaa na baba yake. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ugomvi ninaokusimulia hapa unaishia hapo.

Mwezi uliopita mtoto alianguka kutoka mtini akavunjika mguu, kwenye muundi. Hospitali walimpiga picha, wakaurudisha mfupa mahali pake, wakamfunga hogo kuanzia juu ya goti hadi karibu na vidole. Tuliruhusiwa jioni na dawa za maumivu. Muuguzi alitueleza kwamba maumivu ni kawaida kwa siku mbili tatu, tumwinulie mguu, na tukiona vidole vimekuwa vya baridi au vya bluu turudi. Mume wangu alisikia, mama mkwe alisikia, na mimi nilisikia.

Siku ya kwanza alilia kama anavyolia mtoto yeyote aliyevunjika. Ukimpa dawa anatulia, analala, akiamka analalamika, unambembeleza. Alibadilika siku ya pili jioni. Dawa niliyompa haikumsaidia chochote, na kabla muda wa dozi nyingine haujafika akawa anaomba mwenyewe: "Mama nipe dawa. Nipe nyingine." Huyu ni mtoto ambaye kumnywesha dawa ni vita. Halafu akawa hashikiki. Anataka maji, yakiletwa anayasukuma. Anataka nimbebe, nikimbeba anataka nimlaze. Nilipokuwa namfuta vidole nikakinyanyua kidogo kidole gumba cha mguu, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake.

Bibi yake akasema anadeka, kwamba ameshanijua mimi ndiye mwepesi wa huruma. Mume wangu akashika vidole, akakuta vina joto. Akasema, "Tuliambiwa baridi na bluu. Hivi si vya baridi wala si vya bluu. Tulale, kesho tutaona." Akalala kweli, maana alikuwa amechoka.

Mimi sikulala. Usiku wa manane nilimwita dereva ninayemfahamu, nikambeba mtoto, nikaondoka. Sikumwamsha mume wangu kwa sababu nilijua jibu lake.

Daktari wa zamu hakuuliza mengi. Alivinyoosha vidole vya mtoto taratibu, mtoto akapiga ukelele uleule, na hapohapo akaagiza msumeno wa kukatia hogo. Walilipasua pande mbili, wakakata na pamba ya ndani mpaka ngozi ikaonekana. Haukupita muda mtoto akalala usingizi. Tulilazwa, wakawa wanamwangalia mguu kila saa, na hakuhitaji kupasuliwa. Nilipomuuliza daktari kama lilikuwa tatizo la presha ndani ya misuli, alinijibu: "Huenda lilikuwa linaanza. Huenda ulikuwa uvimbe tu na hogo likambana. Kwa sasa hatuwezi kusema."

Jibu hilo ndilo linaloniumiza. Mume wangu halikumbuki lote, anakumbuka "uvimbe tu". Anasema nilimchukua mtoto wake usiku kama mwizi na kumfanya aonekane baba asiyejali. Mama mkwe anasema nimejifanya nina uchungu kuliko wenye mtoto. Sasa mume wangu anataka nimwombe radhi na tukubaliane kwamba hakuna mtoto atakayepelekwa hospitali usiku bila yeye kusema. Na siku chache zijazo mtoto anarudi kliniki kubadilishiwa hogo, atafungwa fupi la chini ya goti.

Je, nikubali ili nyumba itulie? Nikikubali, itakuwaje siku nyingine? Na niambie ukweli, mama: nilimwokoa mtoto, au nilimsumbua bure?

Mama wa Kambo

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijakugeukia, niseme na mzazi anayesoma hapa huku mtoto wake ana hogo au bendeji ya jeraha jipya, na maumivu yanapanda badala ya kushuka. Acha kusoma, mrudishe hospitali sasa. Usimpe chakula njiani, maana huenda akahitaji dawa ya usingizi. Usimkande, na usiuinue mguu au mkono juu sana. Uwe usawa wa moyo tu, kwa sababu ukiinuliwa zaidi damu inapata shida kuufikia. Kama ni bendeji iliyozungushiwa kibao, ilegeze. Hogo zima waachie wenye msumeno. Barua hii utaisoma ukirudi.

Sasa tuzungumze sisi wawili. Umeniuliza maswali mawili na umeyafunga pamoja. La kwanza ni la mguu: mtoto alikuwa hatarini au hakuwa? La pili ni la ndoa: niombe radhi au nisimame? Nyumbani kwenu jibu la la kwanza limefanywa hukumu ya la pili. Kama ilikuwa hatari wewe ni shujaa, kama haikuwa basi wewe ni mkosaji. Mimi naona mizani hiyo haifai. Nilifanya kazi wodi ya mifupa ya watoto kabla ya kuingia kwenye ushauri, kwa hiyo nivumilie nianze na mguu.

Misuli ya mguu chini ya goti imegawanyika katika vyumba vinne, na kila chumba kimezungukwa na utando mgumu usiotanuka. Mfupa ukivunjika, damu na uvimbe huingia humo ndani, na hogo likiwa juu yake ndiyo kabisa hakuna pa kutanukia. Presha ikipanda, mishipa midogo inayolisha misuli na neva inabanwa na kufunga. Madaktari huita hali hiyo sindromu ya kompatimenti. Misuli iliyokosa damu haivumilii muda mrefu. Baada ya kama saa 6 hadi 8 uharibifu unaanza kuwa wa kudumu.

Lakini mshipa mkubwa unaopeleka damu hadi vidoleni una nguvu kuliko presha hiyo, kwa hiyo damu inaendelea kupita hata wakati misuli inakufa njiani. Ndiyo maana vidole vinaweza kuwa na joto, vikawa na rangi nzuri, na mapigo yakasikika kifundoni, huku mtoto yuko hatarini. Baridi, bluu, ganzi, na kushindwa kuchezesha vidole ni dalili za kweli, ila mara nyingi huja zikiwa zimechelewa.

Naomba hapa umtazame mume wako tena. Aliambiwa baridi na bluu, akaenda akashika vidole, akakuta si baridi wala si bluu. Alitii alichoelezwa. Wewe pia ulielezwa hayohayo, ila ulikuwa karibu na mtoto ukaona kingine. Sidhani kama mlitofautiana kwa sababu mmoja anampenda mtoto na mwingine hampendi, wala kwa sababu mmoja ni mzazi na mwingine mlezi. Mlipewa maelekezo yasiyotosha, kila mmoja akaenda nayo alivyoweza.

Ulichokiona ndicho watu wa wodi za watoto wanachofundishwa kukitafuta. Mtu mzima atakwambia, "mguu unanibana, napata ganzi." Mtoto mdogo hasemi hivyo, na wengine hawana hata maneno ya kusema. Kwa mtoto wanaangalia mambo matatu: wasiwasi unaozidi, kuhangaika kusikotulizika, na kuhitaji dawa ya maumivu zaidi na zaidi. Mwaka 2001 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto waliopata tatizo hili, wakaonyesha kuwa haja ya dawa ilianza kupanda kwa wastani wa saa 7 hivi kabla ya mabadiliko ya damu na neva kuonekana. Saa 7, mwanangu. Linganisha na zile saa 6 hadi 8 nilizokutajia juu. Kwa watoto wengi, nafasi ya kuokoa mguu imo ndani ya muda ambao watu wazima wanabishana kama mtoto anadeka.

Na ulieleza vizuri kuliko wengi. Mtoto anayekimbia dawa akaiomba mwenyewe kabla ya wakati. Kidole gumba kilichonyanyuliwa kidogo tu kikaleta ukelele. Kile kitendo cha kunyoosha kidole huvuta misuli iliyo nyuma ya muundi, na maumivu yanayopita kiasi hapo ni kipimo ambacho daktari angekifanya kwa makusudi, kama yule wa zamu alivyofanya. Kuhusu kudeka, nasema kwa heshima zote kwa bibi: mtoto anayedeka hutulia akipata anachotaka. Wako alipewa maji akayasukuma, akabebwa akakataa. Na bibi ajue jambo jingine ambalo linawadanganya hata wenye uzoefu. Mtoto aliyelia sana kisha akanyamaza ghafla huku mguu umekufa ganzi si lazima awe amepona. Neva ikishaharibika, maumivu nayo hukoma.

Sasa swali lako, nilimwokoa au nilimsumbua? Daktari alikujibu kwa uaminifu. Hawezi kujua, wala mimi siwezi. Hogo likipasuliwa mapema pamoja na pamba yake, presha inashuka, mtoto analala, na ushahidi unaondoka palepale. (Pamba si jambo dogo. Ikilowa damu ikakauka inakuwa ngumu na inaweza kubana kama hogo lenyewe, ndiyo maana walikata mpaka wakaiona ngozi.) Wazazi ambao wana uhakika kamili kwamba ilikuwa sindromu ya kompatimenti ni wale ambao watoto wao waliingizwa chumba cha upasuaji wakapasuliwa utando na kidonda kikaachwa wazi kwa siku kadhaa, au wale waliofika wakati misuli imeshakufa. Daktari wa Kijerumani Richard von Volkmann alieleza mwaka 1881 jinsi mikono ilivyokunjamana na kubaki hivyo baada ya kufungwa bendeji za kubana, na mkunjo huo bado unaitwa kwa jina lake. Huo ndio uhakika unaopatikana kwa kuchelewa. Anayewahi hubaki na "huenda".

Kwa hiyo mume wako anaposema "ilikuwa uvimbe tu", hata tukimkubalia, bado hajasema kwamba ulikosea kwenda. Uvimbe na hogo linalobana ndio mwanzo wa njia hiyo, na miongoni mwa wanaowahi watakuwamo wengi watakaoambiwa warudi nyumbani. Wodini tulifurahi hogo likipasuliwa na tukakuta hakuna kitu.

Nikugeukie na wewe kidogo, kwa upole. Umeandika, "Sikumwamsha kwa sababu nilijua jibu lake." Jibu ulilokuwa nalo lilikuwa la jioni. Usiku wa manane mtoto alikuwa mwingine, na baba yake hakupata kumwona huyo mwingine. Huenda angesema "kesho" tena. Huenda angeinuka akatafuta viatu. Sisemi ulipaswa kungoja ridhaa yake, maana saa zilikuwa zinakwenda na hata mimi ningekuwa na hofu ya kuanza mabishano saa ile. Nasema tu kwamba unalolijua kwa hakika kuhusu mume wako ni dogo kuliko unavyolibeba. Yeye aliamka akakuta kitanda kitupu. Inawezekana kinachosema "kama mwizi" ni fedheha ya baba aliyekuwa amelala wakati mwanawe anapelekwa hospitali, na fedheha ya mtu mzima mara nyingi hutoka kwa sauti ya amri.

Tuzitazame njia ulizo nazo.

Unaweza kuomba radhi na kukubali sharti. Nyumba itatulia, pengine haraka. Ila tazama sharti lenyewe linategemea nini: linategemea mtu mmoja awepo, awe macho, apokee simu, na akubali. Akiwa safarini? Na yule mdogo wako naye atakua, atapanda miti. Tatizo hili haliji kwa kuvunjika tu. Linakuja hata mguu ukigandamizwa na kitu kizito bila mfupa kuvunjika, au mtoto akiungua pande zote za mkono. Utakuwa umeahidi kungoja katika jambo ambalo kungoja ndiyo hatari yake.

Unaweza kukataa katakata. Haki unayo, na wapo watakaokushangilia. Lakini kukataa bila mazungumzo kutamfanya aendelee kuamini kwamba vita ni juu ya nani mwenye mtoto, na katika vita hiyo neno "kambo" litatumika kila siku. Tena kuna mmoja anayesikia yote. Mtoto wa miaka saba akijua kwamba maumivu yake ndiyo yaliyowagombanisha baba na mama, anaweza kujifunza kuyaficha. Nimewaona watoto wa namna hiyo, wanauma meno na kusema "siumwi" huku wanatazama uso wa mzazi. Kwa jeraha ambalo dalili yake kubwa ni malalamiko ya mtoto mwenyewe, hilo linanitia hofu kuliko sharti la baba.

Unaweza pia kuigawa radhi. Kuna kuomba radhi kwa kumpeleka mtoto, na kuna kuomba radhi kwa kuondoka bila kumwambia. Ni mambo mawili, na wewe peke yako unajua lipi linakaa vizuri moyoni mwako. Ukilisema la pili tu, lieleze wazi kuwa ni hilo tu. Hatari yake ni kwamba anaweza kulisikia kama yote mawili, na kesho ukakumbushwa kuwa "uliomba radhi mwenyewe". Hatari hiyo unaipima wewe unayemfahamu.

Na kuna kliniki inayokuja. Hogo la sasa baada ya mwezi halina hatari kama ile ya siku mbili tatu za mwanzo, hilo likutulize. Hata hivyo hogo lolote jipya likibana linatakiwa kuangaliwa. Fursa ninayoiona hapo ni kwenda wote wawili, na bibi akipenda, mkauliza mbele ya daktari kitu kimoja: tukiwa nyumbani, ni dalili gani zikitokea tunarudi bila kujadiliana? Aandike kwenye karatasi. Muulizeni juu ya dawa isiyofika muda wake, juu ya kunyoosha vidole, juu ya ganzi, na juu ya vidole vyenye joto. Mkitoka hapo na karatasi, makubaliano ya nyumbani yanaweza kuwa juu ya dalili. Yeyote atakayeziona, baba, mama, bibi, anaondoka na mtoto, na anampigia mwenzake simu akiwa njiani. Mume wako naye atakuwa amepata anachodai, yaani kuambiwa.

Njia hii nayo ina miiba. Daktari wa kliniki anaweza kuwa na foleni ndefu akawajibu kwa haraka, tena akarudia yaleyale ya baridi na bluu. Ikitokea, mwulize moja kwa moja kuhusu maumivu yanayozidi dawa. Pia mume wako akihisi umempeleka huko ili daktari amhukumu, atafunga masikio kabla hamjaingia. Ungeweza kumwambia mapema kwamba huendi kutafuta nani alikuwa sahihi usiku ule, na kwa kweli usiulize swali hilo mle ndani, hata kama roho inakuwasha. Jibu lake mnalo tayari na halitabadilika.

Kama atakataa kwenda, nenda na mtoto, rudi na karatasi, umpe aisome bila maneno mengi. Halafu niandikie alivyoipokea, tuone pa kuendelea.